Nyumba Isiyozima Redio

Kwenye matanga ya Shangazi Zuwena nilitaka kugombana na watu, bahati yao sauti ilikuwa imenikauka kwa kulia. Tulikaa chumbani mwake, pale pale Ngamiani, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, kisomo kimekwisha, chai inazunguka, na kila nilikogeuka niliona vidole gumba vinapanda na kushuka juu ya vioo vya simu. Mmoja anacheka peke yake kwenye kona. Mwingine kanishika mkono ananiambia, "Pole sana da Tumu, marehemu alikuwa mtu wa watu," huku simu kwenye mkono wake wa pili inanadi sabuni ya kufulia. Binamu yangu Rukia, binti wa marehemu, alinibonyeza ubavuni. "Usianze," akaninong'oneza. "Ushakuwa kama yeye." Nikamjibu kwamba ningekuwa kama yeye, simu zote zile zingekuwa ndani ya beseni uani zamani. Rukia akacheka ndani ya mtandio wake, machozi bado yanamtoka, na bibi mmoja asiyetujua akadhani kwikwi zimemzidi akamsogezea maji.

Sisemi haya kwa sababu mimi ni malaika. Naweza kushika simu nikitafuta mshono mmoja tu wa gauni, nikaja kuiweka chini jua limekwisha kuzama, mchele haujachaguliwa, na ukiniuliza nimeona nini sina la kukujibu. Roho yangu ni ya kuhangaika tangu ujana. Lakini nina desturi chache ambazo wanangu wanazichukia mpaka leo. Kwangu hakiwashwi kitu ambacho hakuna anayekitazama. Mtu akitaka kunionyesha kichekesho kwenye simu, naacha ninachofanya, navaa miwani, nakaa, nakitazama mpaka mwisho, halafu namrudishia simu yake. Na kwa kuwa inachukua muda, siku hizi wanafikiri mara mbili kabla ya kuniletea. Kundi la ukoo nalisoma mara moja kwa siku, ujumbe mmoja baada ya mwingine, mpaka picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Mwanangu mdogo anasema mama anasoma simu kama anayesoma hati ya kiwanja. Wanadhani ni uzee. Si uzee, ni mwaka mmoja niliokaa katika nyumba ya Shangazi Zuwena.

Nilikuja Tanga baada ya kumaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kule kusubiri kulikuwa kunaniwasha kama nimepakwa upupu. Asubuhi nilikwenda kujifunza kushona kwa fundi mmoja barabara ya nane, mchana nilirudi kwa Shangazi, na baada ya hapo sikuwa na pa kuipeleka nafsi yangu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na ua wenye jiko la kuni. Sebuleni, juu ya kabati la vyombo, palikaa redio kubwa ya mti iliyovishwa kitambaa cha kufuma, na redio ile haikuzimwa. Sidhani kama kuna aliyejua kitufe chake cha kuzimia kinakwenda upande gani. Ilisema tangu alfajiri: mawaidha, hali ya hewa, taarabu, mpira, bei ya mahindi ya mikoa tusiyoijua, namna ya kuchemsha maji ya kunywa. Nasi tulizungumza juu yake, tukipandisha sauti ili tuipite, nayo tukiipandisha ili itupite. Majirani walituita "kwa Zuwena redioni." Mtu akielekezwa nyumba yetu aliambiwa afuate sauti tu, na Shangazi alilipenda jambo hilo, alilichukua kama sifa.

Mimi nilikuwa na yangu. Kulikuwa na kijana mmoja wa Muheza jina lake Athumani, mwana wa wauza machungwa, aliyekuja siku moja kwa fundi wetu kupunguziwa suruali akabaki akizungumza hadi fundi akamuuliza kama anataka na yeye kufundishwa kushona. Athumani alikuwa mtu wa salamu. Enzi zile watu walinunua kadi, wakaandika majina ya wanaowasalimu, wakazituma redioni, na mtangazaji akazisoma mchana kutwa, kadi baada ya kadi. Aliniahidi atanisalimia. Basi sikio langu likawa limetegewa jina moja tu, nalo ni langu. Ningeweza kufua, kupika, kugombana na Rukia, redio ikasema vita vimeanza nisisikie, lakini ikisema "Mwantumu wa Ngamiani" naruka kama nimechomwa. Siku ya kwanza liliposomwa niliunguza samaki wa watu wote. Rukia alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia kuuliza nani anaolewa.

Sasa niseme habari za Bi Mwanakombo, maana mwaka ule wote ulikuwa ni habari zake. Alikuwa somo wa Shangazi, mwanamke aliyemfunda alipovunja ungo na aliyesimama naye siku ya kuolewa kwake. Somo si ndugu wala si rafiki, na mwanamke wa kwetu anaweza kugombana na ndugu zake wote lakini asigombane na somo. Bi Mwanakombo aliishi Kigombe. Zamani, wote wawili wakiwa wazima na wanacheka, walipeana wasia: atakayetangulia, mwenzake amwoshe. Shangazi aliutaja wasia ule mara kwa mara, tena kwa furaha, kama watu wanavyotaja safari waliyopanga. "Somo yangu ana vidole vya miguu vimepandana," alituambia, "hataki kuvionyesha kwa mtu, mimi tu."

Asubuhi moja Shangazi alikuwa uani anachoma vitumbua, mafuta yanapiga kelele kwenye chuma. Rukia alikuwa anafagia sebuleni, mimi naosha vyombo mlangoni, na sisi wawili tulikuwa tunabishana juu ya kanga moja. Redio ilikuwa kwenye matangazo ya vifo. Ghafla Rukia akasimama na ufagio wake. "Mama! Wamesema Mwanakombo!" Shangazi akauliza wapi, saa ngapi. Rukia hakusikia wapi. Mimi nilikuwa nimesikia "Tongoni, baada ya sala ya adhuhuri," nikasema hivyo, na nilikuwa na hakika. Hakuna aliyeshangaa, kwani Fatuma, binti pekee wa Bi Mwanakombo, alikuwa ameolewa Tongoni. Tukasema mama alikwenda kwa mwanawe akafia huko. Shangazi aliepua chuma, akavua kanga ya jikoni, akavaa buibui, na vitumbua vilivyobaki kwenye bakuli la unga tulivikuta jioni vimefura na kumwagika.

Tulifika Tongoni jua halijawa kali. Barabarani tuliuliza, "Msibani wapi?" tukaonyeshwa. Msibani hakuna anayeuliza jina la maiti. Shangazi alipita katikati ya wanawake akilia, akajitambulisha kwamba ndiye mwenye wasia wa kuosha, na wenye msiba wakampisha kwa shukrani, maana kumbe walikuwa wachache na mwoshaji wao mmoja alikuwa mgonjwa. Mimi nilisimama nje ya pazia na ndoo ya maji. Kwenye upenyo nilimwona Shangazi akiinama, akasema bismillahi, akafunua uso. Akabaki vile vile ameinama. Harufu ya karafuu maiti ilikuwa imejaa chumba kizima. Baadaye nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Siye." Binti mmoja akamuuliza, "Unasemaje, mama?" Shangazi alikunja mikono ya gauni lake mpaka juu ya viwiko, akasema bila ya kunitazama, "Lete maji, Tumu."

Alimwosha yule mama tusiyemjua mpaka mwisho. Jina lake, tulikuja kuambiwa, ni Bi Mwanahamisi. Redio ilisoma tanzia mbili zikifuatana: Mwanakombo atazikwa Kigombe baada ya alasiri, Mwanahamisi atazikwa Tongoni baada ya adhuhuri. Rukia alidaka jina la mmoja, mimi nikadaka maziko ya mwingine, na kwa nusu mbili hizo tukajiundia mtu mmoja wa kumlilia. Tulikaa kando ya barabara ya Pangani tukisubiri gari ambalo haliji, mpaka lori la mkonge likatuhurumia. Njiani nilimuuliza kwa nini hakuondoka pale pale. "Alishafunuliwa," Shangazi akasema. "Ningemfunika nikamwambia samahani, nimekosea nyumba?" Kigombe tuliwakuta wanaume wanarudi makaburini wanakung'uta mchanga mikononi.

Fatuma alikuwa mlangoni. Alimpa Shangazi ncha za vidole, akasema, "Umefika, mama."

"Nimefika, mwanangu. Nimechelewa."

"Umechelewa," Fatuma akasema, akageukia mtu mwingine.

Neno lile Shangazi alirudi nalo Tanga na hakuliweka chini. Angekuwa anachambua mchicha, akasimamisha mkono. "Hivi alisemaje Fatuma? Umechelewa. Lakini alilisemaje vile?" Sisi tulimwambia ni uchungu wa msiba. Alitikisa kichwa. Alitaka kujua jambo moja tu, kama somo yake aliondoka na kinyongo naye, na mtu wa kumwambia alikuwa Fatuma, na Fatuma hakuja wala hakutuma salamu. Mara mbili Shangazi alijiandaa kumfuata Fatuma, mara mbili akafika mlangoni akarudi kuvua buibui. Aliogopa kuambiwa. Nasema aliogopa kwa sababu nilimwona, yeye ambaye alikuwa akiwafokea hata askari wa manispaa.

Siku ya pili baada ya maziko alituita sebuleni mimi na Rukia. Alikuwa ameshika waya wa redio mkononi, na nyumba ilikuwa kimya mpaka masikio yakauma. "Redio siikatazi," akasema. "Nikiikataza mtakwenda kuisikiliza kwa jirani, tena mrudi na umbea juu yake. Ila kuanzia leo redio ni mgeni. Mgeni haachwi sebuleni akisema peke yake, watu wako jikoni. Akija mnakaa, mnamsikiliza, akimaliza mnamuaga."

"Tuiage redio?" Rukia akaruka kwa mshangao. "Yaguju, mama! Watu watatucheka!"

"Wacheke. Kila mtu achague kipindi kimoja, na kila kipindi tunakaa wote. Mikono mitupu."

Shangazi alichagua matangazo ya vifo. Rukia alichagua mchezo wa kuigiza wa Jumapili. Mimi nilichagua salamu, bila shaka. Na Shangazi hakuwa na utani. Saa ikifika alivaa kanga safi, akatandika mkeka mbele ya kabati, akachomeka waya, akakaa ameelekeza uso kwenye ile redio kama imetoka Maskati jana na zawadi. Ukichukua sindano ushone kifungo, anakutoa sindano mkononi. Tanzia zikisomwa, kila jina lilimtoa "inna lillahi," hata la mtu wa Kigoma. Mwisho alisema "Haya, asante," akachomoa. Rukia alikuwa anauma kanga asicheke. Mimi sikuwa na cheko. Kile kimya kilichofuata nilikichukia kwa moyo wangu wote. Nilisikia kunguru juu ya bati, cherehani ya nyumba ya pili, mke na mume wa ukuta wa pili wakitoana maneno juu ya chumvi, na chini ya hayo yote nilijisikia mimi mwenyewe, nasubiri matokeo, nasubiri Athumani, nasubiri sijui nini. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Nilifunga na kufungua kabati. Usiponielewa, mzuie kijana wa leo simu yake mchana mmoja, umtazame mikono.

"Hukai?" Shangazi aliniuliza.

"Nimekaa, Shangazi."

"Kiwiliwili ndicho kilichokaa. Roho iko Muheza."

Hata hivyo mwili unazoea, hata usipotaka. Wiki zilipita na mimi nikaanza kusikia mambo. Nilijua kwamba Rukia ana kigugumizi kidogo kwenye herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe, jambo ambalo nililala naye chumba kimoja miezi bila ya kuligundua. Tulipokula bada, ugali wa muhogo, na samaki, wote tumezunguka sinia, tulizungumza kwa zamu, na mtu akisema jambo lake lilifika mwisho. Shangazi alitusimulia habari za Bi Mwanakombo ambazo hata Rukia hakuzijua: jinsi alivyokuwa akila embe bichi na pilipili akiwa na mimba ya Fatuma, jinsi alivyomfundisha Shangazi kumjibu mama mkwe. Kila hadithi iliishia pale pale. "Na Fatuma haji," alisema, na mkono wake unaacha kumega.

Mchana mmoja, tumekaa watatu mkekani mikono mitupu, mtangazaji akachukua kadi akasema, "Athumani, Mzee wa Machungwa, wa Muheza stendi." Nikajisogeza karibu na redio. "Anawasalimu Mwanaidi wa Pongwe, Zaituni wa Maramba, Mwantumu wa Ngamiani, Asha wa Hale, Pili wa Korogwe, Halima wa Maramba vile vile, na ujumbe wake ni: nyote mpo moyoni mwangu." Wimbo ukaanza. Nilisoma kila uzi wa ule mkeka. Miezi yote ile kadi zake zilikuwa hivyo hivyo, nami nilikuwa nachukua jina langu naacha mengine yapite na moshi wa jikoni.

"Umesikia, mwanangu?" Shangazi akaniuliza taratibu.

"Nimesikia, Shangazi."

"Moyo mpana huo. Mabasi yanageuza humo ndani."

Rukia akaanguka ubavu kwa kicheko, na mimi nikalia, halafu nikacheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka. Nilimchukia Athumani siku nzima, nikamchukia Shangazi zaidi, kwa sababu bila ya mkeka wake ningeendelea kuwa na furaha yangu. Nililisema hilo kwa sauti. Hakunikemea. Alisema hata yeye angependa asijue baadhi ya mambo, lakini kutojua nako kunamnyima usingizi, basi achague lipi?

Fatuma alikuja mwisho wa Shaabani, siku za vunjajungu, watu wanapotembeleana kula na kuombana radhi kabla ya kufunga. Nilimfungulia mlango mimi. Alisimama na kikapu cha samaki wakavu, amekonda, na Shangazi alipomwona hakuinuka mkekani. "Karibu, mwanangu," alisema kutoka pale chini. Fatuma akaketi mbele yake kwenye mkeka ule ule. Alisema amekuja kuomba radhi, maana siku ya msiba alimpa mkono kwa ghadhabu, na hawezi kuingia mwezi mtukufu na ghadhabu ile.

"Ulikuwa na haki," Shangazi akasema. "Nilichelewa kumwosha."

"Si ya kumwosha, mama." Fatuma alikuwa anavuta uzi wa kanga yake. "Ni zile siku za kabla. Alipozidiwa alikuwa anakuulizia. Zuwena yuko wapi, Zuwena yuko wapi. Nilikuwa peke yangu, sina wa kumtuma mjini. Nikaomba watu wa hapo Kigombe wapige simu redioni watangaze. Nikamwambia tumetangaza. Akasema, basi, nyumba ya Zuwena redio haizimwi, atasikia. Akatulia, akakusubiri."

Shangazi aliuliza polepole, neno moja moja, "Mlitaja jina langu?"

"Jina lako na la baba yako. Siku mbili, mchana."

Redio ilikuwa kabatini nyuma ya kichwa cha Fatuma, waya umekunjwa. Kinyongo hakikuwapo, lile Shangazi aliloogopa miezi yote ile halikuwapo kabisa. Aliambiwa jingine. Alimshika Fatuma mabega, wakalia, wakasameheana kwa maneno yote yanayotakiwa, akamlisha, akamfungia visheti vya kupeleka kwa wajukuu, akamsindikiza mpaka njia kuu. Aliporudi nilikuwa naondoa sinia. Alikaa mkekani peke yake, akavuta kanga mpaka kichwani.

"Tumu, acha vyombo. Njoo unitangazie."

"Nikutangazie nini, Shangazi?"

"Lile tangazo. Lisome kama wanavyolisoma."

Nilitaka kukataa, sikuweza. Nilikaa mbele yake. Maneno ya matangazo yale niliyajua moja moja, kila mtu aliyekua na redio anayajua. "Bi Zuwena binti Shekue, wa Ngamiani, Tanga, popote alipo, anaombwa afike Kigombe haraka. Somo yake, Bi Mwanakombo, hali yake ni mbaya, na anamuulizia."

Shangazi aliinua uso.

"Labeka," akaitika.